Windows 10 imezikwa, nani atakupigia Linux Kigera?

Wadau, tarehe 14 Oktoba 2025 ilipita kimya kimya hapa Musoma. Wavuvi waliingia ziwani, bodaboda walijipanga Mukendo kama kawaida, na sisi wa magazeti tulikuwa tumezama kwenye kampeni za uchaguzi. Siku hiyo Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Kesho yake kompyuta ziliwaka vilevile, watu wakaandika barua zao na kuangalia muvi zao, basi wengi wakasema kumbe hakuna kitu.

Kitu kipo. Mfumo usiohudumiwa ni sawa na nyumba ambayo kila kibaka wa mtaa anajua dirisha bovu liko wapi, na fundi wa madirisha ameshasema harudi tena. Tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi. Microsoft walitoa nafasi ya kuendelea kupata masasisho ya usalama kwa watu wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini lazima uwe na akaunti yao, na Windows yenyewe iwe halali. Hapo kwenye neno "halali" ndipo wengi wetu tunapoanza kukohoa.

Tuseme ukweli. Kompyuta nyingi ninazoziona majumbani huku Kigera ni za mtumba. Zilitumika ofisini huko Ulaya, zikapita Dubai au zikaja moja kwa moja na kontena, zikauzwa Kariakoo, zikapanda basi hadi Musoma. Ni zile Dell OptiPlex na HP Compaq nzito kama tofali, zenye prosesa za Core 2 Duo au i3 za kizazi cha pili na RAM ya GB 4. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017, na inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa hiyo mashine iliyonunuliwa kwa hela ya korosho au ya dagaa, ambayo inawaka vizuri na haina tatizo lolote, imeambiwa huko mbali kwamba muda wake umeisha. Nani kasema? Wao. Wewe bado unaidai miaka mitano.

Njia ninayoiona mimi ni programu huria, yaani Linux, na nimeshaichagua. Lakini sipendi namna ambavyo watu wanaichagua. Ukimuuliza mtaalamu wa mtandaoni mfumo gani ni rahisi kwa mtumiaji wa nyumbani, atakupa orodha ya mifumo kumi iliyopangwa kwa uzuri wa aikoni na rangi za madirisha. Yeye ana intaneti isiyokatika, ana umeme usiokatika, na akikwama anamwandikia mwenzake. Mama wa Kigera mwenye kompyuta ya mtumba akikwama anafanya nini? Anaibeba, anaipakia kwenye bajaji, anaipeleka kwa fundi. Na fundi anafanya jambo moja: anampigia windo.

Hilo neno "kupiga windo" limenifikirisha sana. Kwetu ni huduma kama kunyoa nywele. Kompyuta ikiwa nzito, piga windo. Ikiingia virusi, piga windo. Ikikataa kuwaka, hata kama tatizo ni pawa saplai, piga windo kwanza tuone. Windows inayopigwa ni ya kunakili, na kuifungua fundi anatumia kiprogramu alichokipata sijui wapi, ambacho sharti lake la kwanza ni uzime kinga ya virusi. Hebu fikiria: unamwambia mlinzi akalale ili mgeni usiyemjua aingie ndani kukufungulia mlango. Halafu miezi mitatu baadaye unashangaa kompyuta imekuwa nzito tena. Mbali na hatari hiyo, tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, ila sheria hiyo kwenye vibanda vya kupiga windo haijawahi kumkosesha mtu usingizi.

Ndiyo maana ukimwambia Mtanzania kwamba Linux ni bure, hashtuki. Windows nayo kwake ni bure. Analipia mkono wa fundi tu. Waingereza wana shida kwenye lugha yao, neno lao la "free" linabeba bure na huru kwa pamoja, na watu wa programu hizi wamepoteza miaka wakieleza wanamaanisha lipi. Sisi hatuna shida hiyo. Bure ni bure, huria ni huria, kama tunavyosema soko huria au Chuo Kikuu Huria. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia, kuifungua uone ilivyotengenezwa, kuibadilisha, na kumpa jirani nakala bila kuangalia nyuma. Richard Stallman alianza kulipigania jambo hili mwaka 1983, na kijana wa Kifini aitwaye Linus Torvalds akaongeza kiini cha Linux mwaka 1991. Uhuru huo wa kumpa jirani nakala ndio ninaoutaka, kwa sababu kwetu kila kitu kinatembea kwa flashi.

Sasa, ipi? Ukisema Linux mbele ya watu waliosoma chuo miaka ya 2000, wengi watakutajia Ubuntu. Nao wana haki. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, likianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyewahi kwenda angani, na kwa miaka kadhaa hadi 2011 kampuni yake ilikuwa inatuma sidii bure kwa posta popote duniani. Jina lenyewe ni la kibantu, ndugu wa utu wetu. Naipenda kwa jina na kwa historia. Lakini kwa kompyuta ya mtumba ya Kigera siipendekezi, na sababu yangu ni bando.

Ubuntu ya siku hizi inaleta programu zake nyingi, hata kivinjari cha Firefox, kwa mtindo unaoitwa snap. Snap zinajisasisha zenyewe. Kwa kawaida yake mfumo unachungulia mara nne kwa siku kama kuna jipya, na likiwepo unalipakua kimya kimya. Huko kwao ni jambo jema kabisa. Hapa, ukiwasha intaneti ya simu uipe kompyuta ili utume barua pepe moja, unashtukia ujumbe kwamba umetumia asilimia mia moja ya kifurushi chako. Inawezekana kuzuia, ndiyo, lakini kwa kuandika amri kwenye tamino, na mimi natafuta mfumo ambao mama yangu hatakutana na tamino. Tena kwenye diski za zamani, zile za kuzunguka, Firefox ya snap inachukua muda kufunguka mpaka unajiuliza kama ulibofya. Na faili la kusimika Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Hesabu mwenyewe.

Nilichochagua ni Linux Mint, toleo la 22, lile lenye sura ya Xfce. Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo, kwa hiyo mema mengi ya Ubuntu yamo. Tofauti ni kwamba mwaka 2020 walikataa snap na kuifungia mlango. Masasisho yanakuja kwenye kidirisha kidogo pembeni, unayaona, unaona ukubwa wake, unaamua ni leo au ni siku utakayokuwa na bando la usiku. Haikulazimishi na haikuzimii mashine katikati ya kazi. Toleo hili la 22 lilitoka Julai 2024 na linahudumiwa hadi 2029. Linakubali kufanya kazi hata kwenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo heshima. Faili lake ni kama GB 3. Chini kushoto kuna kitufe cha menyu palepale ambapo mkono wa mtu wa Windows umezoea kwenda. Kuna Zorin pia, ya ndugu wawili wa Ireland, ambayo imevaa sura ya Windows kuliko Windows yenyewe, na walikuwa wajanja kutoa toleo la 18 siku ileile ya 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta yenye nguvu kidogo anaweza kuipenda. Wale wenye Pentium 4 za biti 32, samahani, mlango huo umeshafungwa karibu kila mahali. Hiyo peleka makumbusho.

Halafu jambo moja ambalo wapenzi wa Linux hawalisemi kwa sauti: ukitoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD ndogo ya GB 120, utaona mabadiliko makubwa kuliko ya kubadili mfumo wowote. Kama una hela ya kimoja tu, anza na SSD.

Niseme kwa nini suala hili kwangu si la kujifurahisha. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni katibu wa VICOBA ya akina mama hapa mtaani. Hisa, mikopo, faini za kuchelewa, mfuko wa jamii, vyote viko kwenye faili moja la Excel ndani ya kompyuta ile ya sebuleni. Daftari lipo, lakini hesabu za mgawo wa mwisho wa mwaka zinatoka kwenye kompyuta. Akina mama wale wengine wanauza samaki Mwigobero, wengine wana genge, wengine wanashona. Hisa zao ndizo ada za watoto mwezi wa kwanza. Siku moja mwaka jana flashi ya kikundi ilipelekwa steshenari kuchapa orodha, ikarudi imejaa vijishale. Mnakijua kile kirusi: mafolda yote yanageuka shotikati, ukibofya unakisambaza zaidi. Kwa Mama ilikuwa ni kama pesa zimeibwa. Alinipigia simu sauti imebadilika, "Mwanangu, hesabu za watu hazionekani."

Faili lilikuwepo. Kirusi kile hakifuti, kinaficha tu mafolda na kuweka shotikati mbele yake, na maficho yenyewe ni ya ki-Windows. Ukiichomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux, kila kitu kinaonekana, kile kirusi kikiwa kimekaa pale kama faili la kawaida ambalo halina la kufanya. Niliwasha kompyuta kwa Mint kutoka kwenye flashi nyingine, bila kusimika chochote, nikanakili mafaili yote tukamaliza. Sisemi Linux haipati virusi kamwe. Ukitoa nywila yako kwa tapeli, utaibiwa hata ungekuwa na mfumo wa malaika. Ila kwa virusi vya flashi za steshenari, ambavyo ndivyo vinavyotutesa huku kwetu, unapumua.

Mama kazoea? Wiki ya kwanza alikuwa mkali. "Ile alama ya W iko wapi?" Nikamwonyesha LibreOffice Writer. Akaniuliza mbona haina W, nikamwambia Mama, hata hii inaanza na W, akanitazama tu. Faili la VICOBA lilifunguka kwenye Calc na fomula zake zote, kwa sababu ni jumlisha, toa na asilimia. Tukalihifadhi kwa mtindo uleule wa Excel ili mweka hazina mwenye laptopu ya Windows alifungue bila taabu. Mengine anayofanya yako ndani ya kivinjari: WhatsApp, barua pepe, matokeo ya NECTA ya wajukuu. Mdogo wangu aliomba mkopo wa HESLB humo humo na sasa anahangaika na Ajira Portal humo humo. Ukihesabu kazi za nyumba ya kawaida, nyingi siku hizi haziulizi una mfumo gani.

Kuna zinazouliza, na hapa ndipo wapenzi wa Linux wanapodanganya watu. Kama unaishi kwa Photoshop, kwa kutengeneza kadi za harusi na mabango ya misiba, baki Windows, kwa sababu Photoshop haina toleo la Linux na GIMP itakuchosha mpaka uichukie. Kama ofisi yako ina programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows tu, usimsikilize mtu. Kama unapokea mafaili ya Word yenye majedwali ya kujikunja na unatakiwa kuyarudisha yalivyo, utaona mistari inahama. Sivyo kwa barua ya kawaida, maana LibreOffice ina herufi zenye vipimo sawa na vya Times New Roman na Calibri, lakini CV yenye mapambo, itume kwa PDF. Na printa! HP nyingi zinachomekwa na kufanya kazi, kwa sababu kuna draiva zake zimeshawekwa. Baadhi ya leza ndogo za bei poa, zile zinazopendwa na steshenari, zinaweza kukutoa jasho. Kabla hujaamua lolote, jaribu printa.

Wi-Fi nayo uijaribu. Chipu nyingine, hasa Broadcom za zamani, zinahitaji draiva ya ziada. Mint ina kidirisha cha kuitafuta, lakini kinaitafuta kwa intaneti, na intaneti ndiyo unayoikosa. Dawa yake ni ndogo: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa waya, kompyuta inapata mtandao hapohapo. Modemu nyingi za Huawei nazo zinatambuliwa zenyewe. Vitu vidogo kama hivi ndivyo vinavyoamua kama mfumo ni rafiki au adui.

Sasa nirudi kwa fundi. Nilipomaliza kazi ya Mama nilimfuata kijana anayetupigia windo mtaani, nikampa flashi yenye Mint, nikamweleza kwa furaha. Alinisikiliza, akaendelea kufungua kompyuta ya mtu, halafu akasema, "Kaka, hiyo Linux yako ikigoma, mteja hatakutafuta wewe. Wewe utakuwa safari na waandishi wenzako. Ataleta kompyuta kwangu, na mimi sijui pa kuanzia. Nitampigia windo." Sikuwa na jibu la haraka, na kusema kweli sikulitaka, kwa sababu alikuwa amesema jambo zito kuliko makala zote nilizosoma. Mfumo rafiki ni ule ambao mtaani kwako kuna mtu wa kuushika. Windows inashinda Kigera siyo kwa uzuri wake. Inashinda kwa sababu kila kona kuna mtu anayeijua.

Nchi yetu ilishajifunza hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha miaka ya 1960. Mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine mpya ukaharibika vibaya, nchi ikiwa na wataalamu wake wa kuhesabika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watu hulicheka katazo lile, kwamba Nyerere alituchelewesha. Kwa sehemu ni kweli, lilidumu mno. Lakini swali lililokuwa nyuma yake halikuwa la kijinga: kwa nini ulete mashine ambayo ikikwama hakuna wa kuifungua? Kilichokosewa ni jibu. Badala ya kuzalisha mafundi, tulifunga mlango.

Vijana wasomi tunaorudi nyumbani likizo tunafanya kosa la upande wa pili. Tunamsimikia mzee Linux tarehe 27 Desemba, tunamwonyesha nusu saa, tarehe 3 Januari tunapanda basi kurudi Dar. Februari printa ikikataa, mzee anaibeba kwa fundi, windo linapigwa, na mtaa mzima unapata habari kwamba Linux haifai. Heri usingegusa. Kama huna muda wa kukaa na fundi wa mtaa mchana mzima, muachie mzazi wako Windows yake.

Mimi nilikaa naye, siku mbili siyo moja. Tulichukua kompyuta yake mbovu ya dukani, tukaisimika Mint mara tatu mfululizo, tukiiharibu makusudi na kuirudisha. Nilimwonyesha Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa jana, na hapo ndipo macho yalipomtoka. "Kwa hiyo sihitaji kupiga upya?" Huhitaji. Tukaongea biashara. Mteja analipia mkono wa fundi vilevile kama anavyolipia windo. Fundi hatafuti tena kiprogramu cha kufungulia, hazimi kinga ya mtu, na flashi yake moja inasimika kompyuta zote bila namba ya siri. Alichoogopa ni kwamba wateja wasiporudi na virusi atakula nini. Nikamwambia watarudi na printa. Akacheka, lakini swali lake lina uzito na silipuuzi. Mtu anayeishi kwa kurudiarudia kazi hawezi kufurahia kazi isiyorudi. Tulikubaliana ajaribu kutoza kidogo zaidi kwa Mint, ikiwa na ahadi ya kuitazama bure ndani ya miezi mitatu.

Kuna la lugha pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 na kwa fedha za Sida, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux. Miaka hiyohiyo Microsoft nao wakatangaza kuzitafsiri Windows na Office. Programu huria zilionyesha kwamba huhitaji kusubiri kampuni ikuone una faida ndipo usome menyu kwa lugha yako. Mjukuu wa kazi ile, LibreOffice, bado ana Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, na kikagua tahajia cha Kiswahili ni kitu ambacho Mama, kama mwalimu, anakiheshimu kuliko vyote, japo wanabishana. Ila Mint yenyewe ukiigeuza Kiswahili unapata mchanganyiko, nusu huku nusu kule, na kwa mtu anayejifunza huo ni mtihani mbaya kuliko Kiingereza kitupu. Kwa hiyo nimeacha menyu za mfumo kwa Kiingereza, bila furaha. Nyerere alianza shule hapa hapa Mwisenge mwaka 1934, akaja kumtafsiri Shakespeare mara mbili huku anaongoza nchi. Sisi wenye shahada zetu tumeshindwa kumalizia "File" na "Edit". Kazi ya tafsiri iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti na jioni mbili tatu, hakuna wa kumwomba kibali.

Kwa anayetaka kujaribu wikiendi hii: tafuta flashi ya GB 8, pakua faili la Mint Xfce usiku bando likiwa rahisi, liandike kwenye flashi kwa kutumia Rufus ukiwa kwenye Windows yako hiyohiyo. Washa kompyuta ukibonyeza F12 kama ni Dell au F9 kama ni HP, chagua flashi. Mfumo utawaka wote bila kugusa diski. Kaa humo hata siku mbili: sauti inatoka, Wi-Fi inashika, printa inachapa? Zima, chomoa, Windows yako ipo kama ulivyoiacha. Ukiridhika nakili mafaili yako yote sehemu nyingine kwanza, narudia, yote, ndipo usimike. Na hakikisha LUKU ina yuniti, maana umeme ukikatika katikati ya kusimika hakuna mfumo utakaokuhurumia.

Fundi wetu hadi sasa ameshapiga Mint nne. Tatu ziko majumbani na hazijarudi. Ya nne ilikuwa ya steshenari, printa yao ya leza ikakataa kabisa, wateja wamepanga foleni na vyeti vya kutoa kopi, akairudishia Windows jioni ileile. Alinipigia nikiwa nje ya mji, na sikuweza kumsaidia kwa simu. Kompyuta ile anasema mwenye duka yuko tayari kuileta tena siku ya Jumapili wakifunga. Kama kuna mdau hapa Musoma aliyewahi kuzishinda printa zile kwenye Mint, aje Kigera Jumapili mchana. Soda na sato wa kukaanga juu yangu.